Mama Ndoo Apanda Treni ya Umeme

Wenzake walipanda treni ya umeme kutalii. Hamisa alipanda kwa sababu moja tu: treni haina mlango wa uani.

Mlango wa uani ndio uliokuwa umemkosesha haki yake. Alikwenda kumsuta Munira nyumbani kwake, hapo hapo mtaani kwao Tandika, akiwa na mashangazi wawili na ngoma ya kukodi, kama anavyostahili kusutwa mtu aliyekuchafua: mbele ya watu, kwa maneno na vigelegele, mpaka akiri. Munira akafunga mlango wa mbele, akafungulia muziki wa singeli mpaka madirisha yakatetemeka, akatokea uani na kwenda zake kwa dada yake Mbagala. Hamisa akabaki anausuta mlango. Watu walicheka mpaka wakachoka, na lile jina likazidi kukolea.

Jina lenyewe lilikuwa Mama Ndoo.

Kabla ya hapo aliitwa Mama Farhan, mpishi wa shughuli. Ukisikia harufu ya pilau Tandika, Mtoni au Yombo, na watu wamevua viatu mlangoni, basi jua mwiko anao yeye. Halafu ikaja arobaini ya marehemu Mzee Khalfani. Wakati wa kupakua, ndoo nzima ya nyama haikuonekana. Munira alikuwa naye jikoni tangu alfajiri, shoga yake wa kufa na kuzikana, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika kiuno.

"Mie sisemi kitu," alisema, "ila mpishi ndiye anayejua nyama yake ilipo."

Basi, hayo tu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena. Masufuria yake makubwa yalifudikizwa nyuma ya nyumba, kuku wakayafanya kitanda. Mwishehe, mtoto wa kaka yake wa damu, alipooa, walileta mpishi kutoka Msasani. Hamisa alikaa mkekani kama mgeni, akala pilau lenye kiini kibichi, machozi yakamtoka, na watu wakadhani analia kwa furaha. Watoto wa mtaani wakimwona dukani walikuwa wanaimba, "Mama Ndoo huyooo!" na wazazi wao hawakuwakemea.

Ndoo yenyewe aliiona siku aliyokwenda kuhani msiba kwa jirani na kupita uani kwa Munira. Ilikuwa imelowekwa nguo. Mshikio wake ulikatika zamani, na mahali pa mshikio pamefungwa kipande cha kanga kuukuu, kanga yake Hamisa, aliyoichana kwa mkono wake. Alitamani kuimwaga pale pale. Akajizuia, akaenda kukodi ngoma, na yaliyotokea ndiyo hayo.

Sasa safari. Aliyeipanga ni Munira mwenyewe, katika kikundi chao cha kinamama: kwenda Dodoma na kurudi siku hiyo hiyo. Kufanya nini Dodoma? Hakuna. Kupanda treni. Siku hizi watu wa Dar wanavaa, wanajipulizia, wanafunga vitafunwa, wanakwenda mpaka mwisho wa reli na kurudi, na wakiulizwa wametembelea wapi wanasema treni. Munira hakuwa na habari nyingine isipokuwa mahandaki yaliyo mbele ya Kilosa.

"Treni inaingia ndani ya mlima, shoga! Mchana unageuka usiku, halafu unatoka jua hilo hapo!" Aliyasema hayo kila kikao, na kiti cha dirishani alijichagulia kabla mwingine hajafungua mdomo.

Hamisa alipojiandikisha, kinamama waligeuza shingo. Munira alitabasamu. "Karibu, mwenzetu. Ila vitafunwa atashika mtu mwingine."

Kinamama wakacheka. Hamisa naye alicheka, akaenda kushona dera la sare kama wote.

Treni ilipoiacha Morogoro, alinyanyuka na kwenda kukaa mbele ya Munira, goti kwa goti.

"Munira, nimekuja kukusuta."

Munira alitazama kushoto, akatazama kulia. Nje miti ilikuwa inakimbia. Hapakuwa na uani, hapakuwa na Mbagala. Akashika simu yake, akainuka, akaenda chooni na kujifungia.

Hamisa alimfuata, akaegemea mlango. Mhudumu aliyevaa sare alipita, akauliza, "Shikamoo mama, kuna tatizo?"

"Marahaba mwanangu. Hakuna. Ndugu yangu tumbo linamsumbua, namsubiri."

Mhudumu alisema pole, akaendelea na kazi yake.

"Kaa humo," Hamisa aliuambia mlango kwa sauti ya upole kabisa. "Mie sina haraka. Ila Kilosa hiyo tunaipita, na mahandaki hayajui kama uko chooni."

"Hamisa, ondoka! Nataka kutoka!"

"Sema."

"Niseme nini?"

"Unakijua."

Kutoka ndani ya behewa kinamama walianza kuita, "Munira! Munira yuko wapi? Tumefika!" Mtu mwingine angemwonea huruma. Hamisa hakumwonea hata chembe. Alikuwa anaona raha, raha ya kweli, ya kutia joto tumboni.

"Unaitwa, shoga," alisema.

"Nilibeba mimi!" Munira alipiga kelele. "Ndoo nilibeba mimi, haya! Nilikuwa na wageni, sikuwa na mboga! Umeridhika?"

Wakati ule ule mlima ukawameza. Behewa zima lililipuka kwa makelele, vigelegele juu ya vigelegele, simu zimeinuliwa madirishani. Vigelegele ndivyo hivyo Hamisa alivyovitamani muda wote, ila vilikuwa vinapigiwa handaki. Hakuna aliyesikia. Aligeuka kutafuta shahidi, akamkuta Mwalimu Atuganile peke yake, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyepanga mtaani kwao, mlokole asiyejua umbea, amebana miguu akisubiri zamu ya choo.

"Bado yuko ndani?" Mwalimu aliuliza.

"Yuko," Hamisa alijibu kwa unyonge.

Hamisa aliuachia mlango baada ya handaki la mwisho, ndipo Munira akatoka. Alifuta jasho, akalinyoosha dera lake, akamsogelea Hamisa sikioni. "Kamsimulie nani sasa? Nani atamwamini Mama Ndoo?" Akaenda kukaa kwenye kiti chake, na Hamisa alimchukia kuliko hata siku ile ya arobaini.

Dodoma walijipanga nje ya stesheni kupiga picha, Munira katikati. Mwalimu Atuganile akainua mkono, kama vile yeye ndiye mwanafunzi.

"Samahanini dada zangu, mambo ya Pwani bado najifunza. Hivi mtu akibeba ndoo ya nyama, halafu jina akapewa mwenzake, jina linarudi kwa aliyebeba au linabaki palepale?"

Wote walimgeukia. Mama mmoja akauliza, "Kabeba nani?"

"Si dada Munira? Kasema mwenyewe akiwa chooni. Mimi nilikuwa kwenye foleni."

Mwalimu hakuwahi kusikiwa akisema uongo, hata wa mzaha. Kinamama walitazamana. Munira alitazama huku na huku. Dodoma nzima hakuwa na dada. Ndipo kigelegele cha kwanza kikatoka nyuma, chembamba, kikapokewa na cha pili, na cha tatu, na safari hii hapakuwa na mlima wa kupigiwa.

Wakati wa kurudi Hamisa alikaa dirishani bila kuomba ruhusa, Munira akasukumiwa kiti cha pembeni yake. Kila handaki Hamisa alilitazama lote, akalisimulia. "Shoga, tunaingia. Oo, kumbe huoni, nimekuziba. Basi nitakwambia likiisha."

Haukupita muda mrefu, familia ya Mzee Khalfani ilikuja kumwomba radhi na kumwita apike kwenye hitma ya marehemu. Hamisa aliwafukuza kuku, akayasugua masufuria mpaka yakang'aa. Alipomaliza kupakua alijaza pilau kwenye ndoo mpya, akapanga nyama juu, hakufunika. Akajitwika, akapita katikati ya mtaa saa watu wote wako barazani, mpaka kwa Munira, akabisha hodi mlango wa mbele.

Munira alichungulia.

"Nimekuletea, shoga," Hamisa alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza mkaa. "Nisije nikasikia una wageni na huna mboga. Na ndoo usihangaike kuirudisha. Ni ya jina lako, Mama Ndoo."

Munira aliipokea. Angeikataaje, na mtaa mzima unamtazama?