Breki kwenye Simiti ya Mahindi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msidhani nyanya zenu wanajua ugali na maombi tu. Mimi nimeona gari la mashindano likifunzwa kusimama, tena hapa kwangu nje ya Kitale, kwenye simiti ninayoanikia mahindi.

Mjukuu wangu, msichana, anasomea uinjinia. Yeye na wenzake walikuwa wanaunda gari dogo la kushindana na vyuo vingine. Vyuma vilichomelewa Bungoma, kwa fundi aliyewapa nafasi. Sharti moja lilikuwa gumu: gari likiwa mbio, ukikanyaga breki, magurudumu yote manne yafunge, yaache kuzunguka kabisa. Moja likikataa, gari linawekwa kando, mnatazama wenzenu. Na hizo breki ni yeye aliyezichora. Kijana mmoja wa timu alikuwa amemwambia wazi kwamba gari likikataliwa, kila mtu atajua ni kwa sababu ya nani.

Alipoomba simiti nilikataa. Ilikuwa mavuno, mawingu yanatoka upande wa Saboti, na mahindi mabichi hayangoji mtu. Akaniahidi kwamba wao wenyewe watayazoa na kuyaanika tena. Nikasema sawa, nione kama mikono ya chuo inabeba gunia. Walibeba. Yule kijana akauliza ati hakuna mashine ya kazi hii. Nikamwambia mashine ndiyo yeye.

Gari lenyewe, kusema ukweli, nililiona kama kitanda cha chuma kilichotiwa magurudumu. Mjukuu wangu akaingia na kofia yake, akaja mbio kutoka upande wa ghala, akakanyaga. Yote manne yakafunga, gari likateleza mpaka karibu na kuku wangu. Wenzake waliruka kama wameoa. Nikachinja jogoo, wakala, wakarudi Bungoma wakiimba.

Huko wakajaribu tena, kwenye uwanja wa lami waliouomba. Magurudumu ya nyuma yakafunga, ya mbele yakaendelea kuzunguka. Wakarudia, yakawa yale yale.

Mjukuu wangu akanirudia peke yake. Nilidhani amekuja kulia. Alinisalimia vizuri, akaenda kwa simiti, akainama, akaipangusa kwa kiganja. Kiganja kikawa cheupe.

“Kukhu,” akaniita, kama tunavyomwita nyanya kwetu, “ona. Tulizoa mahindi, tukaacha vumbi lake. Hapa hata baiskeli ingefunga. Breki zangu hazikuwa nzuri, ni simiti yako ilikuwa inateleza.”

“Basi umejua. Utafanya nini?”

Akasema breki za mbele zinahitaji nguvu zaidi, na atazipunguzia za nyuma. Halafu akasema anataka kuosha simiti yote wajaribu hapo tena, na isiguswe na mahindi mpaka siku ya kuondoka kwenda mashindanoni.

Nikatazama mahindi. Nikatazama mawingu. Mavuno mazima, si mchezo. Lakini mtoto aliyesafiri kutoka Bungoma kuja kusema kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, huwezi kumrudisha mikono mitupu. Nikamwambia sabuni iko chini ya meza, na maji achote mwenyewe.

Aliisugua kwa brashi mpaka nikaona rangi niliyokuwa nimeisahau. Ilipokauka, timu ikaja na gari, breki zikiwa zimerekebishwa. Mjukuu wangu akalikimbiza, akakanyaga. Safari hii gari halikuteleza sana. Lilisimama kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Nyuma yake kulikuwa na mistari myeusi, ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, yote ilionekana. Hakuna aliyeruka. Yule kijana alichuchumaa akaitazama mistari, kisha akamwambia mjukuu wangu, “Breki hizi sasa twende nazo.” Akainuka, akaanza kusogeza magunia bila kutumwa.

Jioni nikaita nyumba yote, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia:

“Mahindi yataanikwa kwa turubai, nyuma ya jikoni. Mvua ikinyesha, kila mtu ashike pembe akimbie nayo ndani. Na kwa simiti hii asimwage mtu hata punje moja, mpaka huyu mtoto aende na arudi.”