Risasi Zilizokaa Juu ya Meko

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bunduki, nilipewa ufagio. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru, katika kituo cha idara ya wanyama mjini Kisii. Nilikuwa tayari baba wa watoto watatu, na nilitoka kwetu Kiogoro kwa miguu nikiwa nimejipaka mafuta hadi magotini, maana nilidhani nimeajiriwa kupiga nyati. Mkuu wa kituo, Mwingereza mrefu tuliyemwita Bwana Nyama, alinitazama mara moja tu. "Wewe najua soma namba?" Nikasema najua. "Basi wewe kaa stoo."

Stoo ile ilikuwa chumba cha mawe kisicho na dirisha, chenye rafu za risasi ukutani. Aliyenipokea alikuwa Sajini Ogola, mtu wa kando ya ziwa, mnene, mpole, na mpigaji shabaha ambaye sijaona wa kumfikia. Alinionyesha rafu akasema, "Nyakundi, hii kitu inataka mahali kavu na mahali baridi. Umeshika?" Nikajibu, "Nimeshika, Afande." Kumbe nilikuwa nimeshika nusu.

Vijana wa siku hizi mkisema risasi mnamaanisha kitu chote. Sisi wa stoo tulikitenganisha: kuna ganda la shaba, kuna baruti ndani yake, na kuna kichwa, ndicho kinachoruka. Kichwa hupimwa kwa greni, na greni kumi na tano na ushei ndizo hufanya gramu moja. Bunduki ya 303, aliyobeba kila askari, ilirusha kichwa cha greni 174. Hiyo ilitosha kwa swala na kwa kutisha nyani. Ile ya 375 ilirusha greni 300, na ya 404 ilirusha greni 400. Juu kabisa ilikaa 458 yenye greni 500, na kila askari mgeni aliililia hiyo. Tulimpa mara moja aonje teke lake. Kesho yake bega limevimba kama andazi, na anaomba 303 yake kwa adabu.

Ila uzito si kila kitu. Kuna kichwa laini, ambacho kikiingia mwilini hufunguka na kupanuka. Hicho ni cha chui na simba, kwa sababu ngozi yao ni nyembamba. Kuna na kichwa kigumu, kisichofunguka, kinachopasua ngozi nene na mfupa kikaenda moja kwa moja hadi ndani. Hicho ni cha kiboko na ndovu. Nyati huwa katikati: ukimpata ubavuni mahali pa wazi, anza na laini, akiwa kichakani au akikukabili, weka kigumu. Sajini alikuwa akiniambia, "Mnyama hasomi namba, Nyakundi. Kinamuua ni pale imeingia na pale imefika." Nilimuuliza maswali hadi akanipa jina la Mwalimu, kwa mzaha.

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa kibanda cha idara huko Ekerenyo, upande wa Nyamira, nikae na bunduki yangu ya 303 na pakiti moja ya risasi za 404 zenye vichwa vigumu. Hizo zilikuwa akiba, ili Sajini akija na bunduki kubwa azikute pale pale. Mvua za Ekerenyo nazo hazina huruma: kila alasiri lazima zinyeshe, na paa la nyasi lilivuja pembe zote. Nikawaza, pakavu ni wapi? Kwa Mkisii jibu ni moja. Mama yangu aliweka mahindi ya mbegu darini juu ya meko, moshi ukayakausha, na hayakuota ukungu wala kuingiwa na mdudu mwaka mzima. Nikapandisha pakiti ile darini kando ya mbegu zetu. Mke wangu Moraa alipika chini yake asubuhi na jioni kwa miezi mingi, nami nikajiona mwerevu kuliko stoo ya Kisii.

Kisha nyati dume akaja kutoka upande wa Sotik, mzee na mpweke, akajificha kwenye shamba la miwati, ile miti inayopandwa kwa ajili ya magome. Mzee wa kijiji alinijia akitweta. "Askari, hii nyama inatumaliza. Wiki ya pili hakuna mama amechuma maua ya pareto. Jana imerusha ng'ombe ya Nyaboke juu kama mpira." Nilituma habari Kisii, na siku iliyofuata Sajini Ogola akafika na Landrova, 404 mkononi na vichwa laini mfukoni. Alipouona ule msitu wa miwati alisema, "Hapa laini haiwezi. Lete zile ngumu." Nikazishusha kutoka darini. Alipakia bila kuziangalia sana, kwa vile zilitoka kwangu.

Tulimkuta hatua ishirini mbele yetu, ametukabili, kichwa kimeinuka. Sajini alipiga katikati ya kifua. Mlio ulikuwa mfupi na mzito, si ule ninaoujua. Nyati alitikisika tu, akaja. Sajini akapiga tena, mlio ukawa ule ule, halafu nikaona mtu mzima anaruka hewani. Nyati alipogeuka kumrudia pale chini nilimsogelea nikapiga kwa 303 nyuma ya sikio, karibu sana hivi kwamba damu ilinirukia usoni. Akaanguka. Mguu wa Sajini ulikuwa umevunjika pajani, na hakulia, aliomba maji tu. Kabla ya kuinuliwa aliokota ganda moja akalitia mfukoni.

Wanakijiji walipomchuna yule nyati niliona kitu kilichoninyima usingizi. Vichwa vyote viwili vya greni 400 vilikuwa vimekwama kifuani, havikupenya hata shibiri moja. Kichwa kigumu cha 404 kingepaswa kwenda hadi tumboni. Nikaanza kuishuku dari yangu.

Huko Kisii, Bwana Nyama alikwishakata shauri. Aliniita ofisini nieleze nilichoona, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Ogola nakuwa mzee. Mkono yake natetemeka. Piga baya, sasa mguu navunjika. Mimi nataka andika barua yeye toka kazi." Nilimwangalia akiitoa kalamu, nikasema, "Ndiyo, Bwana," nikatoka. Naandika haya kwa aibu. Nilikuwa na watoto wanne wakati huo, na mtu aliyeharibu risasi za serikali hakupewa barua, alipewa mlango.

Nilirudi Ekerenyo na risasi moja niliyoiomba stoo, nikakata migomba minane yenye mikungu iliyokomaa. Vigogo vyake ni vya maji na nyuzi, vinazuia risasi karibu kama nyama. Nikavipanga kimoja nyuma ya kingine mbele ya ukingo wa udongo. Risasi ya stoo, kwa ile 404 ya Sajini niliyoachiwa niisafishe, ilipita migomba sita ikakwama ndani ya wa saba. Nikaweka moja iliyokaa juu ya meko. Ilipita mmoja, ikafia ndani ya wa pili. Nikarudia na nyingine, ikawa hivyo hivyo. Joto la meko lilikuwa limeila baruti kimya kimya, huku shaba ya nje ikibaki nzuri kabisa. Niliketi pale kwenye matope. Methali husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika likawa la mkuu mwenyewe.

Moraa alikuja akatazama migomba, akanitazama. "Utamwambia lini?" akauliza. Nikasema watoto watakula nini. Akasema, "Watakula ndizi, si umeshazikata."

Kesho yake nilibeba kile kipande cha mgomba wa pili, kichwa kikiwa bado ndani, hadi Kisii, nikakiweka juu ya meza ya Bwana Nyama, juu ya karatasi zake, maji yakitiririka. Nikamweleza yote: dari, moshi, mbegu, na Sajini asiye na kosa. Alikipasua kwa kisu, akakizungusha kile kichwa vidoleni. "Nani fundisha wewe piga mgomba?" Nikasema hakuna, Bwana. Akaichana ile barua. "Wewe haribu risasi. Sasa wewe takuwa askari ya risasi yote ya wilaya. Mtu naungua moto, yeye naogopa moto."

Hivyo nikarudi stoo, na huko nikadumu. Wakuu walibadilika. Aliyefuata alikuwa Mwafrika, mkuu tuliyemwita wadeni, mpole wa maneno na mkali wa usafi, na alinituma mpakani mwa Umaasai ndovu walipovuka kuingia mashambani. Kila askari mpya, kabla ya kugusa bunduki, nilimpeleka kwenye migomba, nikampigia risasi nzuri na risasi iliyopikwa, nikamwambia waziwazi nani aliyeipika. Walicheka, lakini katika miaka yote iliyobaki hakuna aliyeumia kwa risasi yangu. Uwindaji ulipopigwa marufuku nchini niliona ni vyema. Kazi yetu ikawa kuwafukuza wanyama zaidi kuliko kuwaua, na kwa hilo nawaombea heri vijana mnaolifanya leo.

Siku niliyostaafu walinifanyia chai pale kituoni. Sajini Ogola, aliyekuwa amestaafu zamani, alifika akichechemea, na samaki wa kukaushwa kwenye kikapu. Tulipoketi alitoa mfukoni lile ganda la shaba. "Nusa," akasema. Nikasema halinuki kitu sasa, Jaduong', yaani mzee kwa lugha yake. "Sasa hapana. Lakini siku ile, nikiwa hospitali, hii ganda ilinuka moshi ya jikoni. Nikajua umeiweka wapi."

Nikamwuliza kwa nini hakusema, naye alikuwa anafukuzwa kazi.

"Ningesema mimi, wewe ungetoka. Nikasema wacha nikungoje."

"Na kama nisingesema?"

Alikunywa chai yake kwanza. "Ningeenda nyumbani na mguu mbaya na jina mbaya. Lakini nilikuwa nimekufundisha miaka tatu, Mwalimu. Sikuwa na wasiwasi sana."

Nililia mbele ya askari wote, na sikuona haya. Ganda lile aliniachia, na liko hapa mezani ninapoandika. Darini Moraa ameweka mahindi ya mbegu tu.