Friji Inayosema

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya umeme Temeke, nimesimama mara mguu huu, mara mguu huu, nikingoja zamu yangu. Muuzaji alikuwa akimweleza mama mmoja kwamba huko mbele vyombo vya nyumbani vitaunganishwa kwa kompyuta, vipashane habari. "Friji itajua yenyewe kilichokwisha, iwaarifu dukani."

Mama akaondoa mkono kwenye mlango wa friji aliyokuwa akiikagua. "Friji yangu iliyokufa ilikuwa inatunza samaki wa mtaa mzima. Jirani yangu mmoja kila siku alikuwa analeta mfuko kaufunga fundo, aonekane naye ana kitoweo. Ndani mlikuwa na maji tu."

Muuzaji akacheka. Mama hakucheka.

"Mie najua, na nimenyamaza. Hiyo yenu itanyamaza?"

Tangu juzi friji yetu ikianza kunguruma, nanyanyuka kwenda kuisikiliza.