Nyumba Iliyopigiwa Kura

Watoto walimwita Mwalimu Foleni, kwa kuwa hata kwenda kunawa mikono aliwapanga mstari. Jina hilo alilijua, akajifanya halijui. Alikuwa amefundisha darasa la nne miaka kumi na tisa. Siku moja, zamani, alimkuta mwanafunzi wake akimcheka mzee aliyeteleza sokoni. Hakumchapa. Alimpeleka kwa yule mzee, na mtoto akamfulia shuka.

Kundi lilianzia hapo. Kila Alhamisi baada ya masomo, watoto sita walibaki darasani. Kila mmoja alitaja nyumba moja ya mtaani na kueleza alichokiona kwa macho yake: ndoo tupu mlangoni, fundi viatu anayepapasa tundu la sindano. Kisha walipiga kura kwa kunyoosha mikono, na Jumamosi wakaenda kusaidia. Mwalimu hakuwa na kura. Wema wa kuamriwa, alisema, hauna tofauti na adhabu.

Alhamisi moja alisimama Kasuku, binti ambaye mdomo wake haukujua likizo.

"Mimi nataja ile yenye geti la kijani, nyuma ya mashine ya kusaga."

Chaki ilikwama ubaoni. Nyumba hiyo ilikuwa ya mwalimu mwenyewe.

"Umeona nini?"

"Unakuja dukani kwetu mara tatu kwa siku, mwalimu. Asubuhi kiberiti, mchana chumvi, jioni unauliza bei tu. Mama anasema wewe hutafuti chumvi, unatafuta mtu wa kuongea naye."

"We Kasuku, leo umekwisha!" mmoja akanong'ona. Lakini mikono sita ilipanda juu.

Mwalimu angeweza kuifuta nyumba hiyo ubaoni kwa kiganja. Ila miaka yote amewaambia kwamba kusaidiwa si aibu. Akifuta, watajua alikuwa anawadanganya. Akamalizia kuiandika kwa mwandiko mzuri.

"Saa tatu. Msichelewe."

Dada yake, aliyeishi naye, alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu matanga yaishe, hakuna aliyevuka kizingiti chake ila fundi bomba, naye alikuwa na haraka zake.

Jumamosi aliamka alfajiri. Akafagia, akadeki, akaosha masufuria yasiyo na uchafu, akapiga pasi hata vitambaa vya meza. Wageni wasije wakaona kitu. Saa tatu watoto walisimama sebuleni na mafagio na ndoo zao, wakitazama sakafu inayong'aa.

"Aa, mwalimu, umetuwahi!" mvulana mmoja alilalamika. "Mimi nimebeba ndoo kutoka kule kote!"

Wakakaa kwenye kochi, magoti yamebanana, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari.

"Hata kisosi kimoja cha kuosha hakuna?" aliuliza Kasuku.

"Kila kitu kiko tayari."

"Ulitufundisha mwenye nyumba akikataa, tumwombe mara moja tu. Akikataa tena, tuage."

"Ndivyo."

"Basi tunakuomba, mwalimu."

"Hakuna kazi, wanangu."

Wakanyanyuka. Wakachukua ndoo, wakapanga mstari bila kuambiwa. Mwalimu alitazama migongo yao midogo ikielekea mlangoni, akaiona Jumamosi yote iliyobaki, safi, haina mtu.

"Ngojeni."

Sauti ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka.

"Bega langu la kulia limekaza tangu mwaka jana. Mkono haufiki kisogoni."

Akafungua kilemba. Nywele za mbele zilikuwa zimechanwa vizuri. Za nyuma zilikuwa zimeshikana mabonge, kama pamba ya godoro kuukuu.

Hakuna aliyecheka. Kasuku aliweka ndoo chini.

"Chanuo liko wapi? Na mafuta? Kaa chini mwalimu, mrefu mno wewe."

Akakaa sakafuni, katikati ya magoti ya mtoto wa miaka kumi. Wengine wakazunguka, kila mmoja fundi.

"Anzia nchani, we! Utamng'oa!"

"Kwani wewe una nywele?"

Mikono midogo, yenye mafuta, iligusa kichwa chake. Alikuwa amesahau uzito wa mkono wa mtu.

"Ikiuma useme, mwalimu."

"Inauma."

"Niache?"

"Hapana, mama," alisema, uso ameuelekeza ukutani. "Endelea."