Pacha wa Senti Kumi

Krrrr. Mlio wa bati likikwaruzwa na ukuta, mrefu, wa taratibu, kama mtu anaburuta kabati sakafuni. Nilikuwa naanika nguo uani. Nikakimbia getini, nikamkuta Babu yumo ndani ya gari lake jeupe, ubavu mzima umelala kwenye nguzo ya geti, na mjukuu wake kiti cha nyuma analamba aiskrimu kama hakuna lililotokea.

"Nani kausogeza ukuta huu?" Babu akaniuliza.

"Mimi, Babu. Nilikuwa nafagia chini yake."

Akacheka mpaka akakohoa. Na mimi nikacheka. Kucheka kwangu ni kwepesi, nyumbani Tanga walikuwa wakisema nitacheka hata msibani. Ila geti lile ni pana, lori la maji hupita bila kukunja vioo. Kicheko kilipoisha nikabaki naitazama ile nguzo, na rangi nyeupe iliyobaki juu yake.

Babu ni baba yake Mama, mwenye nyumba ninayofanyia kazi hapa Al Wukair. Alizaliwa Unguja, akaletwa huku kwa Waarabu akiwa kijana, na Kiswahili chake hakikupungua hata chembe. Mama hushinda ofisini West Bay. Mtoto akisharudi shule, Babu humpakia garini, wanakwenda Al Wakrah kutazama bahari. Huo ndio mwendo wao wa kila alasiri, na mtoto hamwachi Babu apumue mpaka atoke.

Kabla ya hapo, vyombo vikishaoshwa, ndiyo saa ya sarafu. Nampelekea chai ya maziwa, naye ananiambia, "Keti, mtu wa bara, macho yako yana kazi." Mimi niliishia darasa la saba, lakini pale mezani nilijiona mwanafunzi wa chuo. Nilikuwa na ndoto zangu pia: siku moja nipate sarafu moja ya ajabu, nifungue duka la sarafu lenye makabati ya vioo pale Tanga, watu waje kutazama tu.

Alichokuwa anakitafuta Babu ni sarafu za zamani zenye maandishi yaliyojirudia. Alinifundisha kwamba kujirudia si kwa namna moja. Kuna pacha: muhuri wa chuma unaogonga sarafu ulitengenezwa ukiwa na kosa, maandishi yakaingia mara mbili, ya pili yamesogea kidogo. Hapo kila sarafu iliyogongwa na muhuri ule hutoka hivyo hivyo. Herufi ya pili imeinuka, ina mgongo wa mviringo, na kwenye kona utaona mpasuko mdogo kama mkia wa mbayuwayu. Kuna mwongo: muhuri ni mzima, ila ulicheza wakati wa kugonga. Ule mstari wa pili huwa bapa, unang'aa, kama kidaraja kilichokatwa kwenye herufi yenyewe. Halafu kuna mchovu, muhuri uliochakaa kwa kazi, herufi zimevimba na zina ukungu pembeni.

Mapacha aliwalaza kwenye sanduku la mahameli nyekundu. Waongo aliwatupia kwenye mkebe wa biskuti, na mkebe ule hakuufungua ila kuongeza mwongo mwengine. Alikuwa anawachukia kweli.

Baada ya siku ile ya geti, Babu akaanza kupata mapacha. Leo mmoja, kesho wawili. Mwanzo nilipiga vigelegele. Halafu nikaona zile anazonyanyua ni sarafu tulizozitazama zamani, tukazikataa sote wawili.

Siku yenyewe nje kulikuwa na vumbi, anga rangi ya chai, minara ya misikiti ya mbali haionekani. Babu alikuwa ameinamia lenzi yake kubwa ya mezani, ile yenye taa, unayotazamia kwa macho yote mawili. Chini yake kulikuwa na senti kumi ya Afrika Mashariki, ile ya tundu katikati.

"Pacha!" akasema. "Tena pacha wa kupindukia. Tazama, hata matundu ni mawili."

Tundu haligongwi na muhuri wa maandishi. Hilo alinifundisha mwenyewe.

Nikaichukua, nikaiweka kwenye lenzi yangu ndogo ya kubana jichoni. Nikaizungusha kwenye mwanga. Herufi moja moja, kona zimefunga. Tundu moja.

"Babu, mbona mie sioni?"

"Huoni kwa sababu unaota duka lako la Tanga."

"Basi tazama kwa hii yangu."

Akaibana jichoni, jicho la pili kalifumba. Akaitoa, akatazama sarafu hivi hivi kwa macho mawili. Akarudisha lenzi. Mara hii ndipo nikaona kope la kushoto limeshuka, kama pazia lililokatika kamba upande mmoja.

"Kwa jicho moja ni moja," akasema polepole.

"Na kwa mawili?"

Akaniuliza kitu kingine kabisa: "Nguzo za geti letu ni ngapi?"

"Mbili, Babu."

"Mie nnaona nne. Napita katikati ya zile zilizo karibu." Akajaribu kutabasamu. "Usimwambie Mama. Ataniweka ndani kama kuku wa mayai."

Mlangoni mtoto alikuwa ameshavaa viatu. "Babu, twende!"

"Nakuja, mwanangu. Nioshe uso kwanza."

Alipoingia msalani, ufunguo wa gari ulikuwa mezani, kando ya kikombe. Sikufikiri sana. Nikaufunika kwa kiganja, nikaufungua mkebe wa waongo, nikauzika chini kabisa. Halafu nikatoka uani na simu nikampigia Mama. Nilimwambia neno moja moja: macho, geti, kope, njoo.

Babu alitafuta ufunguo kila mahali. Chini ya mito, ndani ya kofia yake. "Nyumba hii ina jini la funguo," akasema, na mtoto akacheka. Kisha akanitazama, akatazama mkebe, akaketi. Hakunyoosha mkono kuufungua. Tulikaa hivyo watatu, mtoto akiuliza tunaondoka lini, mpaka gari la Mama likasimama nje.

Jioni Mama alipiga simu kutoka hospitali. Wamemlaza, kichwa kimepigwa picha, kuna kitu nyuma ya jicho, na daktari anataka picha nyingine kabla ya kusema. Akaniomba nimpe mtoto chakula. Sauti yake haikuwa sauti ninayoijua.

Mtoto alipolala kwenye kochi nikarudi mezani. Taa ya lenzi kubwa ilikuwa bado inawaka. Nikaichukua ile senti kumi, nikaitazama tena, kwa jicho hili, kwa jicho lile, kwa yote mawili. Niliitamani iwe mbili. Haikuwa. Nikaifuta kwa ncha ya kanga, nikafungua sanduku la mahameli nyekundu, nikailaza humo kati ya mapacha wa kweli, nikazima taa.