Rakaa Mbili za Ibra

Msafiri hupunguza sala. Adhuhuri, alasiri na isha huzisali rakaa mbili badala ya nne, hata akikaa ugenini miaka ishirini, maadamu hajanuia kuufanya mji ule watan, yaani makao yake. Na mke humfuata mumewe. Ndiyo fiqhi yetu Waibadhi, na Marhoun aliishika bila kukosea hata siku moja.

Alifika Ibra, Omani, mwaka 1973 kutoka Tabora, pamoja na mkewe Bimdogo. Ndugu yake Thani akawapa chumba kimoja uani kwake. Marhoun akapata ukarani serikalini, lakini alisema hapa anapita tu, watan wake Tabora. Msikitini, nyuma ya imamu, alitimiza nne kama wenziwe, na wanaume hawakumsema. Bimdogo alisali chumbani, na wanawake walihesabu.

"Ushamaliza?" Wadha, mke wa Thani, humwuliza. "Mgeni gani huyu, mwaka wa kumi na moja anapikia jiko langu?"

"Mgeni wa mume wangu, dada," hujibu Bimdogo, akicheka. Kisha hungoja Wadha aepue, ndipo naye ateleke chungu chake.

Mwaka 1984 Marhoun akagawiwa kiwanja. Alitakiwa akatie saini kabla mwezi haujesha.

"Nikijenga, nimeweka watan," akasema.

"Weka basi, bwana. Tabora nani anakungoja? Duka lenyewe uliliuza."

"Nia haichezewi, Bimdogo."

Akaenda kwa sheikh, akitaka kuungwa mkono. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umepanga kurudi lini?"

"Bado sijapanga, sheikh," akasema Marhoun.

"Basi hiyo si nia, mwanangu. Huo ni ukaidi uliotawadha."

Hakwenda kutia saini. Alijua vyema kwamba ukuta hauweki watan, nia ndiyo huweka. Lakini kukubali Ibra kulikuwa kukubali kwamba Tabora imekwisha, na hilo hakuliweza. Mtu huweza kuishika hukumu ya Mungu barabara na kumfungia nayo mtu wa nyumbani kwake. Mlango wa Bimdogo haukuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa moyoni mwa mumewe.

Mwaka uliofuata kifua kilimlaza Bimdogo. Asubuhi moja hakuweza tena kuketi.

"Nataka kusali nne kabla sijafa," akamwambia.

Marhoun alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Ndipo akasema, "Nimenuia. Ibra ni watan wetu."

Bimdogo akasali rakaa nne, amelala, akiashiria kwa macho. Alasiri hakuiwahi.

Kiwanja kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine. Miaka kumi na miwili Bimdogo hakuwa na jiko lake, na katika mji aliozikwa alisali sala moja tu ya mwenyeji.