Seva Ilivyomfungia Mwikali Nje

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba leo nimesafisha faili moja ya kompyuta. Pigeni makofi.

Seva ya hospitali yetu hapa Machakos, ninayoisimamia mimi, hufuata faili hiyo tu. Kila inapowashwa upya, ruhusa isiyoandikwa humo inaifuta.

Nikaiwasha seva upya. Mara simu: Mwikali wa maabara.

"Mzee, mfumo umenikataa. Kuna mama anatoka damu wodini, na kundi lake la damu liko humo ndani."

"Tumedukuliwa," nikasema.

"Nani atudukue sisi? Hebu angalia kazi yako."

Kwenye faili, jina lake halimo. Nikaliandika. Akaingia. Mama ameongezewa damu.

Ukweli wenyewe? Ijumaa nilimpa Mwikali ruhusa kwa mkono, moja kwa moja kwenye seva, nikikimbilia harambee Kangundo, nikasahau kuiandika kwenye faili. Leo seva imemfuta, vile nilivyoiagiza.